Goti la Haji na Pedali Iliyozama

Vijana wangu, kabla hamjaniuliza lolote kuhusu breki, vueni viatu. Sitanii. Fundi anayepima pedali akiwa amevaa buti la chuma ni sawa na mpishi anayeonja mchuzi akiwa na barakoa mdomoni. Nimefanya kazi ya breki miaka thelathini na minne, kwanza kama kibarua Industrial Area, kisha kwenye karakana yetu wenyewe kando ya Rabai Road, hatua chache kutoka Jericho ninakoishi. Sasa mgongo umekataa kuingia chini ya magari, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kukaa kwenye benchi nje ya karakana na kuwasema nyinyi.

Habari ya kuvua viatu nilifundishwa na Mzee Makau, aliyenipokea Industrial Area nikiwa sijui tofauti ya spana na koleo. Alikuwa mfupi, mkali, na sifa alizitoa kwa kijiko cha chai. Gari likimalizika aliingia ndani, akavua kiatu, akavua soksi, akakanyaga breki mara moja tu kwa unyayo mtupu huku amefumba macho. Kisha hukumu ikatoka.

"Hapa kuna upepo."

Au, "Hapa raba za masta zimechoka."

Au ile niliyoipata mara nyingi: "Wekesa, hapa umenidanganya."

Na hakuwa mchawi. Pedali ikibonyea laini kama unga wa chapati, mna upepo ndani ya mabomba. Ikisimama vizuri halafu ikaanza kushuka polepole mguu ukiwa juu yake, masta inapitisha mafuta ndani kwa ndani. Masta ni ile pampu iliyo nyuma ya injini, inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu. Na pedali ikienda mbali lakini mwisho wake ukawa mgumu, basi kuna kitu kikubwa kuliko kinavyopaswa, au kuna nafasi mahali pasipotakiwa kuwa na nafasi. Yote hayo unayasikia kwa unyayo, ukikanyaga mara moja. Ukipampu mara mbili tatu kabla ya kupima, umeshajidanganya, kwa sababu pedali yenye upepo hupanda ukiipampu na utafikiri imepona.

Mzee Makau alipostaafu nikaendelea na desturi yake kwa muda. Halafu wateja wakaanza kucheka. Mmoja aliniuliza kama najiandaa kutawadha. Nikaona aibu, nikanunua buti zuri la kahawia, nikaacha kuvua viatu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika kisa hiki, nalo lilinunuliwa dukani.

Ngoja kwanza niwape kosa la ujana, mjue kwamba mambo ya pedali ndefu nimepambana nayo siku nyingi. Tulikuwa na gari la kusambaza mikate ambalo pedali yake ilienda chini sana. Nikiwa na kiburi cha mwaka wa pili kazini, nikaona kuna fimbo ndogo inayosukuma masta, na fimbo hiyo inaongezwa urefu kwa kuizungusha. Nikaizungusha. Pedali ikapanda juu, nikashangilia, nikampa dereva gari lake. Lilifika Jogoo Road likaanza kutoa moshi magurudumuni, maana fimbo ikiwa ndefu mno masta hairudi nyuma, na breki zinabaki zimeshika hata ukiondoa mguu. Dereva alirudi kwa miguu, amebeba mkate mmoja, akaniwekea mkononi na kusema, "Huu umeiva mara mbili." Mzee Makau hakunigombeza. Alinifanya niule wote, mkavu, bila chai. Fimbo ile inatakiwa iache uwazi mdogo kama unene wa karatasi, na tangu siku ile siigusi kwa nia ya kuficha ugonjwa mwingine.

Sasa Haji.

Haji Yusuf anauza vitambaa kwa jumla Eastleigh. Ni mtu wa maneno machache na perfume nyingi. Miaka yote nilimtengenezea gari la kubebea mizigo, na miaka yote alikuwa akisimama karibu na magari ya vijana ya mbio, yale ya Kijapani yenye tundu la hewa juu ya boneti, anayatazama jinsi wengine wanavyotazama pilau. Watoto walipomaliza masomo akajinunulia la kwake, la buluu, otomatiki. Akaja kunionyesha akiwa ndani yake, kanzu imenyooka, kofia kichwani, na nakwambia sijapata kumwona mzee wa watu akitabasamu hivyo.

Halafu akaanguka kutoka kwenye ngazi ghalani mwake, akipanga majora ya vitambaa. Goti la kulia likaumia. Lilipopona, lilipona nusu: halinyooki mpaka mwisho na halikunjiki mpaka mwisho. Daktari akamwambia anaweza kuendesha mradi akanyage breki bila taabu na bila kuchelewa. Binti yake, Hodan, ambaye ndiye anayeendesha duka pamoja naye, aliyashika maneno hayo kuliko mzee mwenyewe.

Haji akaja kwangu na wazo alilopewa na vijana wa magari hayo: aongeze breki kubwa za mbele, ili gari lisimame kwa nguvu kidogo. Wazo halikuwa baya. Nikaenda Industrial Area kwa jamaa wanaouza vipande vya mbele vya magari yaliyokatwa Japani, nikanunua diski kubwa na kalipa mbili. Kalipa ni ule mkono wa chuma unaobana diski. Hizi zilikuwa nene, za pistoni nne kila moja.

Nyinyi mnajua desturi ya Eastlands. Kalipa kubwa haifungwi hivi hivi. Lazima ipakwe rangi nyekundu, ionekane kupitia rimu. Mwenzangu Otieno, mtu mzima mwenye miguu mirefu na mkono mzuri wa rangi, akazisugua, akazipaka, akazitundika kwenye waya wa ua zikauke. Kesho yake tukazitungua tukafunga. Zilipendeza mpaka watu wa sokoni Jericho wakaja kupiga picha.

Tukatoa upepo kama kawaida. Otieno kwenye pedali, mimi chini kwenye skurubu ya kutolea upepo.

"Pampu! Pampu! Shika!"

"Imeshikwa!"

"Achilia!"

Chupa tatu za mafuta ya breki zikaisha. Povu likakoma kutoka. Nikaingia na buti langu, nikapampu, nikakanyaga, pedali ikasimama. Chini kidogo, ndiyo, lakini nilijua kalipa kubwa hutaka mafuta mengi zaidi, na pedali kuongezeka mwendo ni jambo la kawaida. Nikampigia Haji.

Alikanyaga mara moja. Akanitazama. "Fundi, hii inazama."

"Buda, hiyo iko fiti," Otieno akasema. "Pampu tu kidogo, utaizoea."

Haji akasogeza kiti mbele ili aifikie. Tumbo likagusa usukani, goti likagusa dashibodi. Akakirudisha nyuma. Akakanyaga tena, nikaona uso wake ukibana pale mguu ulipotaka kunyooka zaidi ya unavyoweza. Alirudi mara tatu wiki ile. Mara tatu tukatoa upepo, mara tatu ikazama vilevile, na kila mara mimi na Otieno tulipoikanyaga tuliiona ya kawaida. Mara ya tatu Hodan alikuja naye.

"Fundi, niambie ukweli," akasema. "Ni gari au ni aabo?"

Aabo ndivyo wanavyomwita baba kwao. Nilikuwa nimechoka, nina aibu, na sikuwa na jibu. Nikafanya jambo ambalo bado linanichoma nikilikumbuka. Nilimwangalia Haji, mteja wangu wa miaka yote, nikasema, "Breki ni nzuri. Ni goti."

Hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi baadaye. Aliniamini kwa sababu mimi ni fundi wake. Alitoa ufunguo mfukoni, akaupangusa kwa kitambaa chake kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akauweka mkononi mwa Hodan. "Uza," akasema. Wakaondoka kwa teksi.

Hodan aliacha gari kwetu, pamoja na ufunguo, ili wanunuzi waje kuliona. Akaniomba nimpigie picha nzuri za kuweka kwenye simu, hasa zile kalipa nyekundu, kwa sababu ndizo zitavuta watu. Nikaliosha. Nikachuchumaa kando ya gurudumu la kushoto, nikaelekeza simu kati ya mbavu za rimu, nikapiga. Picha ilitoka na kivuli, nikaivuta kwa vidole nione kama rangi inaonekana.

Rangi ilionekana. Na skurubu ya kutolea upepo nayo ilionekana, imetazama chini.

Nikakaa kwenye vumbi. Nikazunguka kulia, nikapiga nyingine. Nayo chini.

Nyinyi mnaojifunza mwaka huu mnajua hili, lakini niseme kwa asiyejua: upepo hupanda juu ya mafuta. Kwa hiyo skurubu lazima iwe juu ya kalipa, ndipo upepo upate mlango. Ikiwa chini, unatoa mafuta masafi chupa baada ya chupa, na upepo umekaa juu umestarehe, unakucheka. Kalipa za namna hii zinaingia pande zote mbili. Herufi zinazoonyesha kushoto na kulia zilikuwa chini ya rangi ya Otieno, na waya wa ua haujui kushoto wala kulia. Tulikuwa tumezibadilisha, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia.

Nikavua buti. Nikavua soksi, nikaingia, nikakanyaga mara moja tu, bila kupampu. Ilikuwa laini kabisa. Mtoto wa shule angeisikia. Nililia kidogo, siwafichi, na si kwa sababu ya kalipa.

Nikampigia Hodan. Nikaeleza. Upande wa pili kulikuwa na kelele za dukani.

"Wiki iliyopita uliniambia ni goti," akasema. "Leo ni skurubu. Kesho utaniambia ni nini?"

"Una haki ya kuuliza."

"Mnunuzi ameshapatikana hata kabla ya picha zako, anakuja Jumamosi saa kumi. Amekubali bei. Aabo hajui kama umepiga simu, na sitamwambia. Sitaki umpe tamaa halafu umnyang'anye tena. Ukimaliza kabla ya mnunuzi, nitamleta akanyage. Ikizama hata kidogo, gari linaenda."

Ilikuwa Alhamisi mchana.

Kubadilisha kalipa kulichukua nusu siku. Otieno alifanya kazi bila kunitazama usoni, kisha katikati ya kufunga bolti akasema, "Wekesa, hiyo rangi ilikuwa yangu." Nikamwambia macho yalikuwa yangu, tusigawane makosa kama sadaka. Tukatoa upepo, ukatoka mwingi mpaka mafuta yakawa kama sabuni. Nikakanyaga kwa unyayo. Ulaini wote ulikuwa umeondoka, pedali ilikuwa na mwisho mgumu na wa kweli, lakini mwisho huo bado ulikuwa mbali. Kwa mguu wangu, sawa. Kwa goti la Haji, bado.

Hapa ndipo pa kusikiliza, hasa nyinyi mnaofunga breki kubwa kila siku kwa sababu ya urembo. Chukua bomba mbili za sindano, nyembamba na nene. Kutoa kijiko kimoja cha maji, nyembamba unaisukuma safari ndefu, nene unaisukuma kidogo tu. Masta ndiyo sindano yenu. Kalipa kubwa inataka mafuta mengi, na masta ndogo ya gari lile ilibidi isafiri mbali kuyatoa. Haji alikuwa amenunua mikono mikubwa akaacha bega dogo. Na dawa ya masta kubwa ina gharama yake: pedali inakuwa fupi lakini ngumu zaidi kuibonyeza. Ndiyo maana usimfungie kila mtu. Mwenye mguu dhaifu utamtesa. Lakini goti la Haji halikuwa dhaifu hata kidogo. Lilikuwa na nguvu ya kupanda ghorofa tatu za duka na jora begani. Lililokosa ni mwendo. Kwa mtu huyu mmoja, fupi na ngumu ndiyo ilikuwa tiba.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Industrial Area kabla hawajafungua geti. Nilitafuta kile kipande kilichotoa zile kalipa, maana gari lililozaliwa na breki kubwa lilizaliwa na masta yake. Nikaikuta bado imefungwa pale. Ukubwa wa tundu umeandikwa ubavuni kwa namba zilizochongwa, nikazilinganisha na za ile ya zamani mara tatu nikiwa nimevaa miwani. Nikaifungua nikakagua raba, nikazibadilisha zote. Kabla ya kuifunga garini niliijaza mafuta juu ya meza nikaisukuma polepole mpaka ikaacha kutoa mapovu, kwa sababu masta ikiingia kavu utatoa upepo mpaka Krismasi. Fimbo nikaipima, nikaacha uwazi wa karatasi. Nikarekebisha pia breki za nyuma, ambazo zilikuwa zimelegea na kuiba nazo mwendo kidogo wa pedali. Vitu vidogo vidogo hivi vikijumlishwa, ndivyo vinavyozamisha mguu wa mtu.

Jumamosi asubuhi, barabara za Industrial Area zikiwa nyeupe, hazina magari, nikalipeleka gari nikalijaribu: polepole, kisha kwa kasi, kisha kwa ghafla, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Otieno aliyekuwa kando yangu alisema akibanwa na mkanda wa kiti tena ataomba likizo.

Saa tisa na nusu teksi ikasimama. Haji alishuka akiwa amekunja uso, akifikiri ameletwa kutia sahihi karatasi za kuuza. Salamu yake ilikuwa nzuri lakini fupi. Hodan akasema, "Aabo, ingia, ukanyage."

"Nikanyage nini? Fundi alishasema."

Hodan alinigeukia. Nikaenda mpaka mbele ya mzee. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yote yakakimbia. "Haji, nilikosea," nikasema. "Nilifunga kalipa upande usio wake, na nilipokosa jibu nikalisingizia goti lako. Goti lako halikuwa na kosa lolote. Nisamehe."

Otieno alijifanya anatafuta spana.

"Miaka yote hii," Haji akasema, "umewahi kunidanganya lini?"

"Siku ile tu."

"Wallahi, ulichagua siku mbaya."

Akaingia garini. Nikamwomba avue kiatu, akavua bila kuuliza. Akaweka mguu, akakanyaga mara moja. Pedali ilishuka kidogo, upana wa vidole viwili hivi, ikakataa. Akakanyaga tena kwa nguvu, ikakataa palepale, na goti lake lilikuwa bado limekunjwa, limetulia. Akaondoa mguu. Akaurudisha. Alifanya hivyo mara nyingi sana, na hakuna aliyemharakisha.

"Aabo?" Hodan akauliza.

"Inanisubiri," akasema. "Zamani ilikuwa inanikimbia."

Hodan akachukua ufunguo mkononi mwangu, akaingia upande wa abiria, akafunga mkanda, akampa baba yake. Wakazunguka mtaa mara moja. Niliwaona kwenye matuta ya barabarani, taa za breki zikiwaka na gari likitulia bila kuinamisha pua. Nilihesabu matuta yote kwa moyo. Waliporudi, Hodan alikuwa akimsemesha kwa lugha yao, haraka haraka, naye mzee akicheka na kutikisa kichwa. Injini ikaendelea kunguruma.

Saa kumi kamili akaja kijana mmoja mwenye jaketi la mbio, akazunguka gari, akainama kwenye rimu, akapiga mluzi alipoziona zile kalipa.

"Niaje," akatusalimu. "Hii ndio ile gari ya kuuzwa? Mwenye hii mashine ni nani?"

Mimi na Otieno tukamtazama Hodan, kwa maana yeye ndiye aliyezungumza na huyo kijana, na yeye ndiye aliyekubali bei. Hodan alikuwa bado ameketi na mkanda wake. Akamwonyesha baba yake kwa kidole gumba.

"Ni huyu," akasema. "Muulize kama anauza."